Akila na Prisila Kijijini Kwetu

Masomo: Matendo ya Mitume 18:1–4 na 18–28, Warumi 16:3–5, Marko 7:9–13



Tulipokuwa bado tunafundisha, tulikuwa na desturi ya kuwauliza wanafunzi wa somo la dini swali lililoonekana jepesi: ni mke na mume gani katika Agano Jipya ambao hawatajwi hata mara moja mmoja bila mwenzake? Wengi walijibu Yusufu na Mariamu, lakini sivyo, maana Mama wa Bwana wetu atajwa peke yake mahali pengi. Wengine walisema Anania na Safira, na hapo darasa zima likacheka. Jibu ni Akila na Prisila. Majina yao yaonekana mara sita tu katika Maandiko, na mara zote sita yako pamoja, kama jembe na mpini wake. Tena mara nne katika hizo sita jina la mke latangulia la mume, jambo ambalo halikuwa desturi ya dunia ile, wala si desturi ya kadi za harusi tunazoletewa hapa Chumbageni.

Tumeona vema tuwaangalie watu hawa wawili kwa sababu ya mazungumzo tunayoyasikia mara kwa mara nje ya kanisa baada ya Misa. Mume analalamika kwamba mkewe hakai nyumbani: leo Umoja wa Akina Mama, kesho msiba, keshokutwa kuwatazama wagonjwa Bombo. Mke naye analalamika kwamba mumewe amekuwa mjumbe wa kila kamati, ya kanisa na ya serikali ya mtaa, na huku paa la jiko lavuja tangu masika yaliyopita. Wote wawili wanatumika kweli, wala hakuna anayelipwa. Na nyumba yao inaumia kweli. Watu wa namna hii hatuwezi kuwaambia tu wazidi kujitoa, wala hatuwezi kuwaambia waache. Basi twende tuone Maandiko yanasemaje.

Akila alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alikaa Rumi pamoja na mkewe hata Kaisari Klaudio alipoamuru Wayahudi waondoke katika mji ule. Wataalamu wengi huiweka amri hiyo katika mwaka 49. Basi walifika Korintho wakiwa watu waliofukuzwa, hawana shamba wala ukoo, wana sindano zao na ufundi wa kushona mahema. Sisi watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa habari za wageni wanaofika na ufundi mikononi. Mji huu umejengwa na watu wa Bonde, wa Usambaa, wa Uzigua na wa Udigo, na pia na wale walioletwa kutoka Songea, Njombe, Kigoma, Burundi na Msumbiji kukata mkonge, ambao wajukuu wao leo ni washarika wenzetu.

Mtume Paulo alipofika Korintho alikuwa mgeni peke yake. Kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja, alikaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Angalieni utumishi wao ulivyoanza. Hawakuitwa mkutanoni wala hawakupigiwa kura. Walimpa mtu mahali pa kulala na kiti cha kukalia katika kiwanda chao. Baadaye walihama naye mpaka Efeso, na huko akaja mtu mmoja msemaji hodari sana, jina lake Apolo, aliyeyajua Maandiko lakini juu ya ubatizo alijua ule wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia akihubiri katika sinagogi, wakaona mahali alipopungukiwa. Hawakusimama kumkosoa mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza. Sisi tuliosoma vyuo vya ualimu tulifundishwa mbinu nyingi za kusahihisha makosa ya mwanafunzi, na hatukupata iliyo bora kuliko hii: mkaribishe, mpe chakula, mweleze polepole, asiaibike. Na walimu wake walikuwa wawili, mke na mume, mezani kwao.

Kisha twasoma katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho kwamba kanisa lilikutana nyumbani mwao, na walipokuwa tena Rumi, kadhalika. Hapo ndipo tungependa msomaji asimame kidogo. Maneno haya twayasoma upesi kana kwamba kanisa lilikuwa picha iliyotundikwa ukutani kwa Akila. Lakini yeyote aliyewahi kukaribisha jumuiya nyumbani kwake, au msiba wa siku tatu, ajua maana yake. Mikeka itandikwe. Mafuta ya taa yawepo. Watoto walale wapi? Mgeni aliyetoka mbali ale nini? Na kabla ya yote, maji. Kanisa likija nyumbani kwa mtu, nani anateka maji?

Luka hakuliandika jibu, na Paulo hakuliandika. Ila Paulo aliwaandikia Warumi kwamba wawili hao walizitia shingo zao hatarini kwa ajili yake, na kwamba makanisa yote ya Mataifa yaliwashukuru. Twaamini kwamba katika shukrani zile maji nayo yalihesabiwa.

Sasa tugeukie historia ya Kanisa letu la upande huu, maana ina jambo ambalo wengi twalijua ila hatulizungumzi. Misioni ya UMCA ilifika Unguja mwaka 1864, na miaka michache baadaye ikaanza kazi Magila, katika nchi ya Wabondei. Ilikuwa misioni yenye kanuni kali. Wamisionari wake hawakupokea mshahara. Walipewa chakula, malazi na fedha kidogo za matumizi. Wengi wao, wanaume kwa wanawake, walikuwa waseja, na aliyetaka kuoa au kuolewa kwa kawaida ilimbidi aiache kazi. Hatuwadharau hata kidogo. Walijitoa kabisa, na wengi walizikwa katika udongo wa nchi hii wakiwa bado vijana. Mtume Paulo mwenyewe asema kwamba asiyeoa hushughulika na mambo ya Bwana, na aliyeoa hugawanyika, na waseja wale waliyaishi maneno hayo.

Lakini mseja, hata awe mtakatifu namna gani, hawezi kuwaonyesha watu jinsi Mkristo anavyokosana na mkewe na kupatana naye kabla ya jua kuchwa. Hawezi kuwaonyesha jinsi chakula cha watu watano kinavyotosha watu tisa. Mambo hayo wazee wetu waliyaona kwa walimu Waafrika na wake zao. Kule Unguja wavulana walisomeshwa Kiungani, na wasichana Mbweni, ambako Bibi Caroline Thackeray aliongoza shule tangu mwaka 1877 hata mwaka 1902. Katika miaka ya mwanzo wengi wa watoto hao walikuwa wameokolewa kutoka majahazi ya watumwa. Hawakuwa na baba wala mama wa kuwatafutia wachumba. Walipokua, wengi wakaoana wao kwa wao, wakatumwa bara. Mume alikuwa mwalimu wa shule na wa dini kwa pamoja. Mke hakuwa na cheo, lakini wanawake na watoto walifundishwa na yeye, na mlango uliobishwa usiku ulikuwa wake.

Katika hao alikuwako Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyetolewa utumwani, akasomeshwa Unguja na baadaye Canterbury, Uingereza. Mkewe Lucy alitoka Mbweni. Mwaka 1886 walitumwa Chitangali, upande wa Masasi, na mwaka 1890 Majaliwa alipewa daraja ya ukasisi, Mwafrika wa kwanza kuipata katika misioni ile. Kazi yao ilistawi sana, na twasoma habari zake kwa furaha. Lakini Chitangali ni mbali na bahari. Watoto walikuwa wakikua mbali na shule ambazo wazazi wao walisoma, na mama yao alikuwa mbali na kila mtu aliyelelewa pamoja naye. Mwaka 1897 walirudi Unguja, na haja ya kuwasomesha watoto ilikuwa sehemu ya sababu za kurudi.

Wako wanaoisoma habari hii kwa kutikisa kichwa, kana kwamba padre yule alishika jembe kisha akatazama nyuma. Sisi hatuisomi hivyo. Miaka 11 si mchezo. Twaona mume na mke waliotoa walichonacho hata wakafika kwa watoto wao, na walipofika hapo wakasema: hawa si wetu wa kuwatoa. Tena twajiuliza swali lingine, ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko lile la kwanza. Katika miaka ile 11, nani alimwangalia Lucy? Barua za misioni zina mengi juu ya idadi ya waliobatizwa. Juu ya mama mwenye nyumba ni machache mno.

Hatuleti habari za kale ili tuwahukumu waliolala. Tunazileta kwa sababu jambo lenyewe lingali nasi. Wale wa rika letu tulikuwa watoto mwaka 1970, mwaka uliotangazwa na Serikali kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika hesabu za mwaka 1967 watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Basi jioni, kazi za shamba zikiisha, madarasa ya kisomo yakafunguliwa shuleni, kanisani, chini ya miembe, na waliofundisha walikuwa walimu wetu wa mchana pamoja na vijana waliomaliza darasa la saba. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Ilipofika mwaka 1986, wasiojua kusoma walikuwa wamebaki kama mmoja katika kumi. Hatutaki kuipaka rangi hali ile. Si kila aliyekuja alikuja kwa hiari, wengine waliogopa tu kutajwa na balozi wa nyumba kumi, na baadaye wengi wakasahau walichojifunza kwa kukosa cha kusoma. Hata hivyo kazi kubwa ilifanyika, na kwa sehemu kubwa ilifanywa na watu waliotoa jioni zao.

Nani alibaki nyumbani jioni hizo? Mume aliyekuwa mwalimu wa kisomo alikwenda kufundisha, mkewe akabaki. Lakini mke aliyetaka kwenda kusoma, ilikuwa taabu. Tuliwaona wakija na mtoto mgongoni, wakifika darasa limekwisha nusu, wakiondoka kabla halijaisha kwa kuwa chakula kilikuwa hakijapikwa. Wengine waliacha, na katika daftari la mahudhurio wakaandikwa watoro.

Leo hii, katika kijiji kimoja cha Bonde, mwendo usio mrefu kutoka Muheza, twawajua mke na mume ambao hatutawataja majina, maana hawapendi kusifiwa. Mume ni seremala na mkulima wa machungwa. Mke amekuwa mhudumu wa afya wa kijiji kwa miaka mingi: anawatembelea wajawazito, anawapima watoto uzito, anahakikisha wagonjwa wa kifua kikuu wanameza dawa zao mpaka mwisho. Mume aliitunza pampu ya kisima cha kijiji, naye ndiye aliyeitisha msaragambo wa kuchimba msingi wa darasa jipya. Mabenchi ya kanisa dogo la pale ni kazi ya mikono yake, na hakudai hata gharama ya misumari. Watoto wao ni wanne, na juu yao wanalea wawili walioachwa na marehemu dada wa mke. Twaweza kusema bila kuona haya kwamba ukitaka kuwaona Akila na Prisila, panda daladala la Muheza ukawatazame.

Mwanzoni wenzake mume walimcheka. Siku ambazo mkewe alikuwa kwenye kliniki ya watoto, yeye alionekana akichochea moto na kupepeta mchele, nao wakamwuliza barazani kama alioa au aliolewa. Akawajibu kwamba ugali hauulizi aliyeusonga ni nani. Wakanyamaza.

Lakini hata nyumba ile ilifika mahali pagumu. Siku moja mwalimu wa darasa la sita alimwita baba kumwambia kwamba binti yake mkubwa analala darasani. Mtoto hakuwa mgonjwa. Alikuwa anaamka saa kumi usiku kuteka maji kabla ya foleni, anafagia, anawaogesha wadogo zake pamoja na wale mayatima wawili, ndipo aende shule. Jioni kadhalika. Mama alikuwa nyumba za watu akiwatazama watoto wa watu, baba alikuwa kisimani akifunga nati za pampu ya watu, na kazi yote waliyoiacha nyuma yao ilikuwa imeshuka polepole, bila mtu kuamua, ikatua juu ya mabega ya mtoto wa miaka 12. Kijiji kizima kiliwashukuru baba na mama. Yule binti hakuna aliyemshukuru, maana hakuna aliyejua kwamba naye anajitolea. Hakuwa ameulizwa.

Ndugu zangu, hapo ndipo jibu la swali letu la maji. Mara nyingi anayeteka maji ni binti. Au ni bibi mzee aliyeletwa kutoka kijijini ati apumzike. Au ni mfanyakazi wa ndani aliyetoka mbali, ambaye hata kanisani haji kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya wageni. Nyumba njema si mlango, wasema wahenga, na nyumba inayosifiwa kwa utumishi yatakiwa kuingiwa mpaka uani.

Bwana wetu alilisema jambo hili kwa ukali kuliko sisi. Katika sura ya saba ya Injili ya Marko aliwashutumu watu waliokuwa wakiwaambia baba na mama zao: ile mali ambayo ningewasaidia kwayo ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Sadaka ilikuwa njema. Hekalu lilikuwa la Mungu kweli. Lakini mtu alilitumia jina la Mungu kama ukuta wa kujificha asiwaone waliomzaa. Vivyo hivyo Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Basi mume anayekwenda mikutano sita kwa juma ili asisikie mkewe anachotaka kumwambia, huyo hatumiki, amekimbia. Na mke anayekesha kwenye misiba ya watu wasiomhusu kwa kuwa nyumbani hakukaliki, huyo ahitaji kusaidiwa, wala asiongezewe zamu. Twasema hivi kwa upole, tukijua kwamba aliye nje hawezi kuona vema yaliyomo ndani ya nyumba ya mwenzake.

Akina mama wa Umoja watatuwia radhi tukiwakumbusha asili ya chama chao. Mary Sumner alikianzisha mwaka 1876 katika kijiji cha Old Alresford, Uingereza, ambako mumewe alikuwa padre. Binti yake alikuwa amejifungua, naye akakumbuka jinsi alivyohangaika yeye mwenyewe alipokuwa mama kijana asiye na wa kumshauri. Mkutano wa kwanza alishikwa na haya hata akashindwa kusema, akawaomba wanawake warudi juma lililofuata. Hakuanzisha chama ili kuwatoa wanawake majumbani mwao, wala ili kuwafungia humo. Alitaka mama asibebe mzigo wa nyumba peke yake. Umoja unaomchosha mama umesahau kazi yake, na mume anayemzuia mkewe asihudhurie naye hajui anachokizuia.

Twajua mtasema kwamba dawa ya haya ni fedha: watu walipwe. Neno posho limekuwa kama salamu katika mikutano yetu; mtu aulizwa kama atakuja, naye auliza bahasha ni kiasi gani. Sisi hatumcheki anayeuliza. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, nao walipwe posho kila mwezi. Twaona ni haki. Mtu anayefanya kazi ya siku nzima, kila siku, inayookoa maisha, si sawa kumwambia kwamba malipo yake yako mbinguni huku aliyemtuma anapokea ya duniani. Akila na Prisila nao walikuwa na ujira wa mahema yao. Lakini posho haitamwogesha mtoto, wala haitampikia mzee uji. Hata ikiwa nono, saa za mchana ni zile zile, na nyumba ile ile ina watu wale wale wanaosubiri.

Basi wale wa Bonde walifanya nini? Waliketi wote mezani, na watoto wakiwamo, jambo ambalo baba yao asingelifanya zamani. Wakahesabu kazi za nyumba kwa majina, kama sisi walimu tulivyopanga zamu za usafi. Baba akachukua maji ya asubuhi kwa baiskeli. Mama akaenda kwenye mkutano wa kijiji akasema kwamba tangu sasa atazunguka siku mbili kwa juma, na kwamba wachaguliwe wanawake wengine wawili awafundishe. Baba akamkabidhi kijana mmoja spana za pampu. Msidhani walipigiwa makofi. Kwa muda watu walinuna. Walisema wamepoa, wamejiona, wengine wakasema wamepata fedha. Ilichukua karibu mwaka mzima kupatikana kwa wanawake wale wawili. Katika muda huo kuna nyumba hazikutembelewa, na mama yule alilia kwa ajili yake. Hatuwezi kuwaambia kwamba ukipunguza kazi hakuna anayekosa. Yupo anayekosa. Ila binti amemaliza darasa la saba, naye sasa yuko kidato cha pili.

Jambo la kutusikitisha ni kwamba katika mwaka ule mgumu hakuna mtu wa kanisa aliyekwenda kwao kuuliza: ninyi mnaotutazama sisi, je, nani anawatazama ninyi? Wote walikuwa wamezoea kupokea.

Uchaguzi wa wajumbe wa kamati za mtaa wetu unakaribia, na wazee wa kanisa wametuomba mawazo. Letu ni hili. Jina la mtu aliyeoa au kuolewa lisiandikwe ubaoni kabla wawili wamekwenda kumwona nyumbani, naye awe pamoja na mwenzake, waulizwe wote wawili, na watoto wakubwa kama wapo. Atakayekwisha kutumika vipindi viwili apumzishwe mwaka mmoja, hata kama ni hodari, hata kama mwenyewe anataka kuendelea. Hasa kama anataka kuendelea. Mikutano ya jioni ifungwe saa kumi na mbili unusu, ili watu wawahi chakula na watoto wao. Na akina baba wa ushirika wetu, ambao tunawafahamu kwa ufundi wa kila namna, wajitolee Jumamosi moja kwa mwezi kwenda kwenye nyumba za wale wanaotutumikia, mwalimu wa dini, mwenye kutunza kanisa, mama wa wagonjwa, wakazibe paa, watengeneze mlango, wajaze mapipa ya maji.

Nyumba ya kwanza tumekwisha kuichagua. Atakayeweza kuja na ngazi au na baiskeli yenye madumu amwone katibu wa ushirika baada ya Misa ya pili.